Barafu Kwenye Njia ya Jeddah

Mwanaisha alizikwa Jeddah mwezi uliopita. Aliyenipigia simu kunieleza ni binti yake, Zuhura, ambaye sijawahi kumtia machoni; namba yangu alipewa na mama mmoja wa Likoni aliyewahi kufanya kazi na mamake. Aliniamkia, kisha akasema, "Mjomba, mimi mama nilimjua kwa simu tu, tangu niko darasa la pili. Kila nikimuuliza habari za huko, jibu lake ni salama mwanangu, salama tu. Sasa nambie wewe. Alikuwa mtu wa namna gani?" Nilikuwa nimesimama katika kibanda changu cha matairi hapa Naivasha, mteja ananingoja, kompresa inapiga kelele, nikamwambia nitampigia jioni. Jioni ilipofika sikuweza. Nilimjua mamake kwa muda usiotimia mwaka, tena mwaka wenyewe ni wa zamani, wakati kichwa changu hakikuwa na unywele mweupe hata mmoja. Niliyo nayo ya kumwambia hayaingii kwenye simu, kwa hiyo nimeketi kuyaandika.

Habari za kwetu na jinsi nilivyofika Saudia hazimhusu Zuhura, na kwa kweli hazitofautiani na za vijana wengine niliopanda nao ndege. Naanza na jikoni. Nyumba ya Abu Saad, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ilikuwa Suwaidi, upande wa magharibi wa jiji la Riyadh, na ilikuwa na majiko mawili. La ndani lilikuwa la kuonyesha wageni, marumaru tupu, halijawahi kunusa kitunguu. La nje, lililobanwa kati ya ukuta wa ua na chumba changu cha dereva, ndilo lililolisha nyumba nzima. Humo ndimo nilimomkuta Mwanaisha siku ya kwanza, amejifunga leso juu ya dera, anachagua mchele kwenye sinia pana. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Ndiwe dereva mpya?" Nikamwambia ndiyo, dada. "Wa bara wewe." Nikasema natoka Nyahururu. "Haya, karibu. Hapa twala baada yao. Ukishikwa na njaa kabla yao, maji yapo." Alisema bila kucheka, lakini jioni ile sahani yangu ilikuwa na kipande cha nyama chini ya wali, kimefichwa vizuri, na alipoona nimekigundua akageuka kuosha sufuria.

Maisha yetu yalikuwa humo jikoni. Mimi nilikuwa na chumba chenye kitanda na dirisha lililozibwa na mashine ya baridi. Yeye hakuwa na chumba. Alilala kwenye godoro chini ya kitanda cha mamake Abu Saad, bibi mgonjwa ambaye nyumba nzima, hata sisi, tulimwita Yumma, yaani mama. Mapafu ya Yumma yalikuwa yamechoka. Mashine ya oksijeni ilinguruma chumbani mwake mchana kutwa, na Mwanaisha ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgeuza. Nikipita dirishani niliwasikia wakizungumza, Yumma kwa Kiarabu cha kibedui, Mwanaisha kwa Kiarabu chake cha miaka mitatu, mmoja akimweleza mwenzake habari za mbuzi, mwingine habari za samaki. Sijui walielewana kiasi gani. Walicheka sana.

Abu Saad hakuwa mtu mbaya, na ninataka Zuhura alijue hilo, maana katika hadithi za Ghuba tumezoea kafili awe shetani. Alikuwa mtu wa kuahirisha. Ikama yangu, ile karatasi ambayo bila yake mgeni ni kama hayupo, ilikuwa bukra, yaani kesho. Kufungua bomba la maji lililoziba, bukra. Alikuwa na biashara ya mablanketi na nguo za baridi sokoni Batha, na kazi yangu ilikuwa kuendesha van yake nyeupe kutoka ghalani hadi madukani, asubuhi na alasiri, katikati ya watu wa kila taifa. Kila nilipomuuliza, "Bosi, ikama?" alinipiga bega na kusema, "Inshallah, Kariuki, bukra." Sikuwa na kitu mfukoni cha kuonyesha kwamba mimi ni mimi. Nilijifunza kupita mbali na magari ya polisi, kuinamisha kichwa kwenye taa, kuomba kimoyomoyo. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mikono yenye nguvu, naogopa kila gari lenye taa juu.

Nyuma ya Batha kulikuwa na banshari, ndivyo wanavyoita fundi wa pancha huko, mzee wa Kipakistani kwa jina Zarin. Alitoka milimani, sehemu ambayo theluji hufunga barabara miezi mizima, na alipokuwa kijana aliendesha van ya abiria huko. Nilipokuwa nikingoja mzigo nilikaa kwenye tairi kuukuu karibu na jiko lake la chai, naye akanieleza habari za kwao. Hakuwa akinifundisha, alikuwa amekumbuka nyumbani tu, kama sisi sote. Alisema katika baridi mpira mgumu hugeuka ubao. Tairi la theluji ni laini, akasema, na uso wake umejaa mikato midogo midogo kama kiganja cha mkulima, ndiyo inayoishika barafu. Akaniita kwenye gurudumu la nyuma la van yetu, akalibonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuzama. "Hili limezeeka," akasema kwa Kiarabu chake cha kukatakata. "Joto limelipika. Kwa Riyadh, mafi mushkila, hakuna shida. Kwa mlima, hapana." Siku nyingine alinieleza habari ya traksheni, ule mfumo unaozuia magurudumu yasiteleze. Kompyuta ni mwoga, alisema. Ikiona gurudumu linazunguka bure inakata nguvu za injini. Kwenye lami yenye maji hilo litakuokoa. Ukishazama kwenye theluji, litakuua kwa baridi, maana unahitaji gurudumu lizunguke kidogo lichimbe. Unazima, unatoka, halafu unawasha tena upesi kabla hujajiona bingwa. Nilicheka nikamwambia, mzee, theluji itanipata wapi Saudia? Akanimiminia chai nyingine.

Baridi ya Riyadh inapofika mwezi wa kwanza huuma kuliko watu wanavyodhani, vumbi likachanganyika nayo, na kifua cha Yumma kikazidi. Tulikuwa jikoni, Mwanaisha anakoroga mchuzi, dirisha la ndani liko wazi, na madam, mke wa Abu Saad, anazungumza na mumewe kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Kiarabu changu kilikuwa bado cha sokoni. Mwanaisha alinitafsiria huku anakoroga, midomo haimsogei sana. "Asema hawezi tena. Asema nyumba yanuka dawa. Ampeleke Yumma kwa bintiye Jeddah, huko kuna bahari, hewa yake nzito." Akatega sikio tena. "Baba asema daktari amekataza ndege. Madam asema basi gari lipo." Akaonja chumvi. "Asema nami niende. Nibaki huko huko, gari lirudi tupu." Hakuonyesha chochote, ila mwiko ulikuwa umesimama ndani ya sufuria.

Nilimwendea Abu Saad siku hiyohiyo. Nilimwambia matairi ya nyuma yamekwisha, na njia ya Taif ina mlima, na wakati huu wa mwaka kuna mvua huko juu. Nilimwomba tupate ya majira yote, hata kama si ya theluji, yenye mpira laini. Alikuwa amevaa miwani, anasoma simu. "Theluji, Kariuki? Wewe majnun?" Akacheka, si kwa ubaya. "Tutabadilisha tukirudi." Nikasema, na ikama yangu, bosi, safari ni ndefu. "Mimi niko ndani ya gari. Nani atakuuliza?" Hapo hakuwa amekosea. Akiwa ndani ya gari, hakuna ambaye angeniuliza.

Tuling'oa viti vya nyuma vyote, tukatandika zulia jekundu la chumbani mwa Yumma, juu yake godoro, na mitungi miwili ya oksijeni tukaifunga kwa kamba ukutani. Mwanaisha alikaa sakafuni, kichwa cha Yumma mapajani mwake. Abu Saad alikaa mbele nami. Tulitoka alfajiri, jangwa likafunguka, na kwa saa nyingi hakukuwa na shida yoyote. Tulisimama kituo cha mafuta, Mwanaisha akatoa chapati alizozikunja na mayai, akampa Abu Saad kwanza, kisha mimi, kisha akazikata vipande vidogo akampa Yumma. Nakumbuka Abu Saad alikula akasifia. Nakumbuka niliwaza kwamba labda mambo yatakuwa sawa kuanzia hapo, kwamba mtu aliyekula chakula kimoja na wewe barabarani hawezi kukutupa.

Mawingu tuliyakuta tulipokaribia Taif alasiri. Yalikuwa meusi, yenye rangi ya kijani pembeni, rangi ambayo mtu aliyelima viazi Nyahururu anaijua. Kutoka Taif, barabara inapanda hadi Al-Hada, halafu inateremka ukingoni mwa mlima kwa kona zinazojikunja moja juu ya nyingine, mpaka tambarare ya joto inayoelekea Makkah na Jeddah. Tulikuwa tumeshaanza kuteremka mvua ya mawe ilipotushukia. Ilianza kama mtu anatupa kokoto juu ya paa, kisha ikawa mngurumo ambao hamsikizani. Yumma akafungua macho. Kioo cha mbele kikageuka cheupe. Kwa muda mfupi, mfupi kuliko unavyoweza kuamini, barabara nyeusi ilikuwa imefunikwa, na maji yaliyotoka jabalini yalikuwa yanasukuma ile barafu na kuirundika kando kwa kando hadi kufikia magoti ya mtu. Gari lililokuwa mbele yetu, lenye familia ndani, liliteleza taratibu, likazunguka, likaegemea ukuta wa ukingoni. Nikakwepa kulia kuelekea jabalini, breki ikanijibu kwa kutetemeka, na magurudumu ya nyuma yakatumbukia kwenye rundo la barafu. Tukasimama.

Nilikanyaga mafuta. Taa ya njano kwenye dashibodi, ile yenye picha ya gari na mikia miwili iliyopinda, ikawaka, na injini ikajikata pumzi kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikajaribu tena. Van ililia, ikatikisika, haikusogea hata unyayo. Nyuma yetu kulikuwa na magari yaliyokwama kona hadi kona, kurudi haiwezekani. Abu Saad alikuwa anapiga simu kwa watu wa uokoaji. Simu yao ilikuwa inatumika, kila aliyekuwa mlimani anaipiga. "Tunangoja," akasema. "Halas, tunangoja. Usiguse kitu." Na hakukosea kuogopa. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa barafu, korongo upande mmoja, na mimi nina matairi yasiyozama ukucha. Nilikubaliana naye. Nilitoa mikono kwenye usukani nikaikalia.

Aliyevunja kungoja huko ni Mwanaisha. "Kariuki," akaniita kutoka nyuma, sauti yake ya kawaida kabisa. "Mshale wa mtungi umeingia kwenye nyekundu. Nafungua wa pili. Huo wa pili ukiisha hatuna mwingine." Nikageuka. Uso wa Yumma ulikuwa wa majivu, na baridi ilikuwa imeingia ndani ya gari, kila anapotoa pumzi barakoa inafanya ukungu mdogo, mdogo zaidi kila mara. "Huko chini kuna barafu?" Mwanaisha akauliza. Nikamwambia hapana, kona chache tu, huko chini ni joto. "Basi tushukeni." Abu Saad akamkemea kwa Kiarabu. Akamjibu kwa Kiarabu, na nilielewa, kwa sababu yalikuwa maneno machache: Mama yako anakufa, baba.

Nilifungua mlango nikashuka kwenye barafu na viatu vya wazi. Nikachota kwa mikono barafu iliyozunguka magurudumu, nikapunguza upepo wa matairi ya nyuma mpaka yakatuna chini, yapate eneo la kushika. Nilihitaji kitu cha kuweka chini ya magurudumu. Sikuwa na kitu. Yumma, ambaye tulidhani hasikii, aliinua mkono akavuta barakoa pembeni, akagonga zulia alilolilalia kwa kidole. Lichukueni. Mwanaisha alimbeba mwanamke yule mwenyewe, kama unavyobeba mtoto aliyelala, nikavuta zulia, nikalikata kwa kisu cha chapati, nikasokomeza kipande mbele ya kila gurudumu. Kisha nilifanya kitu ambacho sikuwahi kudhani nitafanya: nilimwamuru kafili wangu. Nilimwambia akae nyuma kabisa, juu ya mhimili wa magurudumu, pamoja na madumu ya maji, kwa sababu gari ni jepesi mkiani na linahitaji uzito. Alinitazama. Akaenda akakaa.

Nikakibonyeza kitufe cha traksheni nikakishikilia mpaka taa ikaniambia imezima. Gia ya pili. Mguu mwepesi. Magurudumu yakazunguka bure, harufu ya mpira na sufu inayoungua ikajaa, yakazunguka tena, na safari hii injini haikukatwa. Van ikaruka mbele kwa kishindo kilichotutupa sote, ikatoka. Nikaiwasha traksheni papo hapo, nikashusha gia ya kwanza, nikaondoa mguu kwenye breki na kuapa kutoigusa tena. Tuliteremka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Katika kona moja nilizungusha usukani na gari halikusikia. Liliendelea kwenda moja kwa moja kuelekea ukingoni, kimya, bila haraka, na nilikuwa na nafasi ya kuona mawe yaliyoko chini na kufikiri kwamba mimi sina karatasi yoyote, watanizika kama nani? Kisha gurudumu moja likakuta changarawe iliyosukumwa na maji, likashika, pua ikageuka. Nyuma yangu Abu Saad alikuwa anasoma dua kwa sauti. Mimi nilikuwa naita Yesu. Mwanaisha alikuwa anamwambia Yumma, "Tumefika, tumefika," uongo mtupu, tena kwa Kiswahili.

Barafu ikawa tope jeupe, tope likawa maji, na baada ya kona nyingine hewa ya joto iliingia dirishani. Nilianza kulia bila kujua. Ndipo Mwanaisha akasema mtungi wa pili hautoi. Ulikuwa umegonga ukuta wakati tunaruka kutoka rundoni, na shingo yake ikapinda. Yumma alikuwa anahema kama samaki. Chini ya mlima kuna njia panda: moja inaenda Makkah, ambako hospitali ilikuwa karibu, na ambako asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia, nyingine inazunguka mbali hadi Jeddah. Tangu asubuhi mpango ulikuwa tuzunguke, kwa ajili yangu. Nikasimamisha gari kabla hajaniambia. "Shuka," akasema Abu Saad, tayari anapanda kwenye kiti changu. "Ngoja hapa hapa. Nitarudi." Nilishuka. Simu yangu ilikuwa inachajiwa kwenye dashibodi, koti langu liko nyuma ya kiti, viatu vyangu vimelowa maji. Van ikaondoka, vipande vya zulia vikiburura nyuma yake.

Sikumlaumu, na simlaumu leo. Hata mimi ningefanya hivyo kwa mama yangu. Lakini nilipokuwa nimesimama pale, jua linashuka, nilielewa kwamba mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akaachwa barabarani. Gari la doria lilinifikia kabla hakujaingia giza. Askari alikuwa kijana kama mimi, alinipa chupa ya maji kabla ya kuniuliza. "Ikama?" Nikamwambia mafi. Kafili? Abu Saad. Abu Saad nani? Suwaidi, Riyadh. Namba ya simu? Iko ndani ya simu. Simu iko wapi? Akanitazama kwa huruma, akanifungulia mlango wa nyuma.

Walinipeleka kituo cha watu wasio na karatasi, Jeddah. Chumba kilikuwa kirefu, magodoro yamepangana, feni juu, na wanaume kutoka kila upande wa Afrika. Chakula kilikuwa wali na kuku, asubuhi maharagwe ya kusagwa na mkate, wala sitadanganya kwamba tulilala njaa. Kilichotumaliza ni mazungumzo. Usiku na mchana watu walikuwa wanaeleza habari za makafili wao, na kila hadithi iliishia mahali pamoja. Mkenya mmoja wa Kakamega, mlinzi wa zamani, aliniuliza kama kafili wangu ameshanitangaza huruub. Sikulijua neno hilo. "Mtoro," akasema. "Akisema umetoroka, kwisha. Huwezi kuhama kazi, huwezi kudai kitu, na hapa hutarudi tena." Nikamwambia aliniambia ningoje. Akanisogezea blanketi lake nusu. Niliacha kuhesabu siku. Nilikuwa nafumba macho nasikia mawe juu ya paa, na nilianza kufikiri kwamba Yumma amekufa, na kwamba wananitafuta si kwa ajili ya kunitoa bali kwa ajili ya kunishtaki. Nilifika mahali ambapo nilitamani nisitafutwe. Siku mlango ulipofunguliwa na jina langu likaitwa vibaya, sikuitika mpaka yule wa Kakamega aliponisukuma.

Abu Saad alikuwa amesimama mapokezini, amekonda. Alikuwa na karatasi mkononi. Alinikumbatia, kitu ambacho kafili hafanyi, kisha akanipeleka kwa gari hadi nyumba ya dadake, Madam Noura, karibu na bahari. Yumma alikuwa hai. Aliishi mpaka karibu na Ramadhani, akafa kitandani mwake, Mwanaisha amemshika mkono. Ikama yangu ilitoka wiki ile ile niliyotolewa, na matairi mapya nikaambiwa nichague mwenyewe. Nilirudi Riyadh na ile van, Mwanaisha akabaki Jeddah, na katika miaka yote iliyofuata sikumwona tena. Salamu tu, kupitia watu. Lakini mchana ule nilioletwa tulikutana jikoni kwa Madam Noura, na hapo ndipo nilipojua.

Alikuwa ananipakulia wali wa samaki. Aliniambia Abu Saad alirudi njia panda usiku ule ule, hakunikuta. Alingoja siku kadhaa. Kisha yeye Mwanaisha akamsikia, kupitia mlango, akimwambia dadake kwamba dereva amekimbia, kwamba kesho ataenda kuandikisha. "Nikaingia sebuleni na wageni wamekaa," Mwanaisha akasema. "Nikawaambia, hakukimbia. Koti lake li hapa, simu yake i hapa. Ni mtu gani akimbia bila viatu vikavu? Madam akaniambia nirudi jikoni. Nikarudi. Nikavua aproni, nikaketi. Nikasema sipiki, siogeshi mtu, mpaka atafutwe."

"Wangekurudisha nyumbani, dada."

"Walishaita ajenti. Begi langu lilikuwa mlangoni." Akaweka kipande kikubwa cha samaki upande wangu. "Hilo silo lililoniuma. Yumma aliniita. Asubuhi nzima. Aisha, Aisha. Alikuwa amejichafua, na madam hajui kumgeuza. Mimi niko hapa nimeketi, namsikia, na siendi. Kariuki, sijawahi kufanya jambo baya kama hilo maishani mwangu. Mwishowe akauliza mbona Aisha haji. Wakamwambia amegoma kwa sababu ya dereva. Akamwita mwanawe, akamwambia usiniletee chakula mpaka umlete aliyenishusha mlimani. Ndiyo akaenda kituo kwa kituo."

Hayo ndiyo yasiyoingia kwenye simu, Zuhura. Hii ndiyo sababu sikukupigia ile jioni. Nilimwambia mamako aketi tu ale, maana nilijua hajala tangu asubuhi. Katika miezi yote Suwaidi sikuwahi kumwona ameketi kwenye kiti chakula kikiwa mezani. Alikula amesimama, mgongo umeegemea friji, sikio liko ndani. Alivuta kiti. Akanawa mkono kwenye bakuli, akaanza kula nami kwenye sinia moja, polepole, akinitolea miiba. Tulikuwa katikati ya chakula Madam Noura alipoingia kutafuta kitu. Nilishtuka nikasimama. Madam akamtazama Mwanaisha, akatazama sinia. Mwanaisha akamsalimia kwa heshima, akachukua tonge lingine, na hakuinuka.